Mwani umeshuka kutoka asilimia 58 hadi 11 ndani ya wiki moja. Tumekosea wapi?

MwalimuWaNyufa:

Wakuu, habari za humu. Naomba mnisaidie kabla sijajiaibisha mbele ya wanafunzi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nina kikundi cha wanafunzi 8 na tumejipa kazi ya kuhesabu viumbe kwenye mwamba mmoja wa pwani maji yakikupwa. Mtaalamu hatuna. Tuna fremu ya mraba ya nusu mita kwa nusu mita tuliyounga kwa vipande vya bomba la PVC. Ndani tumefunga nyuzi za kuvulia, nne kwa nne, zikatupa vyumba 25, kwa hiyo kila chumba ni asilimia 4 ya fremu. Tuna pia kamba yenye mafundo 10, kila fundo mita 2 kutoka lenzake. Fundo la kwanza tunaliweka hatua mbili kutoka ukingo wa maji, kamba tunaivuta kuelekea nchi kavu, na kila penye fundo tunalaza fremu na kuhesabu.

Jumamosi ya kwanza maji yalikupwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Tulipata mwani umefunika wastani wa asilimia 58. Konokono wadogo weusi, wa ukubwa wa punje ya mahindi, walikuwa 61 kwa fremu zote 10.

Jumamosi iliyofuata yalikupwa saa kumi na dakika tano jioni. Mwamba uleule, kamba ileile, hatua mbili zilezile. Mwani asilimia 11! Konokono 212! Na vile vipele vyeupe vigumu vinavyokata nyayo (jina lake sijui, sisi tunaviita vipele tu), ambavyo mara ya kwanza hatukuvijali, safari hii vimejaa fremu nne nzima.

Katikati hapo, siku ya Jumatano, ilinyesha mvua kubwa. Mwanafunzi mmoja tayari ameandika kichwa cha ripoti, "MVUA YAUA MWANI", na amekipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Sina moyo wa kumkatalia, wala sina uhakika wa kumkubalia. Mwani unaweza kufa hivyo kwa siku saba? Na konokono wanaweza kuongezeka zaidi ya mara tatu? Nisaidieni.

Kijiko:

Mwalimu, kama ni mvua basi mwani ungekuwa umeoza na kunuka. Mlisikia harufu? Weka picha.

MwalimuWaNyufa:

Harufu hakuna. Picha tulizopiga ni za wanafunzi wenyewe wakicheka. Hilo nalo nimelisajili kama kosa.

Mzee_wa_Bamvua:

Mwalimu, mwani wako haujafa. Uko palepale ulipouacha, ila siku ya pili ulikuwa chini ya maji na samaki wanapita juu yake. Aliyehama ni wewe.

Fungua jedwali la maji kujaa na kupwa. Usitazame saa peke yake, tazama na ile tarakimu ya pembeni, ya mita, yaani kimo cha maji. Watu wengi huiruka kama vile ni namba ya ukurasa. Nabashiri bila kuliona: Jumamosi ya kwanza ilikuwa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na ya pili ilikuwa maji mafu. Kutoka bamvua hadi maji mafu ni siku saba na ushee. Kwa hiyo mtu anayekwenda pwani kila Jumamosi anakutana na bahari mbili tofauti kwa zamu. Wakati wa bamvua jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, maji yanajaa sana na kukupwa sana. Wakati wa maji mafu vinavuta kwa pembe, kimoja kinakipunguzia kingine nguvu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Huo "ukingo wa maji" mnaouanzia si mahali pamoja. Hatua zenu mbili hazina kosa. Kilichokuwa kinatembea ni pale mnapoanza kuzihesabu.

Na juu ya mwamba wa pwani, mita moja ya kupanda ni safari ndefu kuliko kilomita nzima ya kwenda pembeni. Kiumbe aliye chini kabisa anakauka mara chache kwa mwezi, kwenye bamvua tu. Aliye juu kabisa analowa mara chache kwa mwezi, kwenye bamvua hiyohiyo. Hapo katikati kila nusu mita ina wenyewe. Konokono wako weusi wadogo kwa kawaida ni watu wa juu, wana kifuniko cha kufunga mlango na kubaki na unyevu ndani hata jua likiwa kali. Mwani wako wa kijani na kahawia hauna mlango wa kufunga.

Fanya jambo moja leo, usisubiri kesho. Chukua daftari, usilinganishe wastani na wastani. Niambie kupwa kwa kwanza ilikuwa mita ngapi, kwa pili mita ngapi, na mwamba wenu unapanda kwa kiasi gani. Kisha linganisha fremu zilizokuwa kimo kimoja tu.

Kijiko:

Mzee samahani, ila haya yote ni ya nini? Konokono wakiwa 61 au 212 nani atakula? Nauliza kwa heshima.

MwalimuWaNyufa:

Mzee, shikamoo. Wewe ni mganga?

Nimefungua jedwali. Ya kwanza mita 0.2. Ya pili mita 1.2. Mwamba wetu ni mteremko mzuri tu, unapanda kama mita 1 kwa kila mita 10 za kamba, nimekadiria kwa macho. Kwa hiyo siku ya pili tulianza mita 10 juu zaidi, yaani mafundo matano. Fundo la 6 la Jumamosi ya kwanza ndilo fundo la 1 la Jumamosi ya pili!

Nikakaa na daftari. Jumamosi ya kwanza, fremu 1 hadi 5 zina mwani wastani asilimia 94, fremu 6 hadi 10 asilimia 22. Jumamosi ya pili, fremu 1 hadi 5, ambazo kumbe ndizo zilezile za 6 hadi 10, zina asilimia 21. Ishirini na mbili, ishirini na moja! Za juu yake zina asilimia 1 tu. Konokono nao: 52 upande mmoja, 47 upande wa pili. Wale 165 waliobaki wote wako kwenye fremu tano za juu ambazo mara ya kwanza hatukufika kabisa.

Nimecheka peke yangu jikoni. Mwandishi wa "MVUA YAUA MWANI" nimemwita, nimempa daftari, nikamwambia alinganishe mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wino mwekundu unafutika.

Sasa swali la pili. Nitajuaje kimo cha kila fremu bila vifaa vya gharama? Kukadiria kwa macho sitaki tena.

FundiTofali:

Mwalimu, mimi si mtu wa bahari, ni fundi ujenzi, nimeingia humu kutafuta habari za chokaa nikakwama kwenye konokono. Ila hapo pa kimo mmefika kwangu.

Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mita 20 hivi. Jaza maji polepole ukianzia ncha moja, mpaka mapovu yote yatoke. Povu moja tu katikati likikudanganya, nyumba inapinda. Gonga mpira kwa kidole ukiliona. Ncha moja mtu aishike kwenye alama yako ya kudumu, ncha nyingine mwenzake aishike kwenye fimbo yenye rula, pale penye fremu. Ncha zote mbili ziwe wazi. Wengi wanaziba kwa kidole gumba wakati wa kutembea ili maji yasimwagike, ni sawa, lakini wanasahau kutoa kidole wakati wa kusoma. Maji yakitulia, uso wa maji huku na kule uko kimo kimoja, hata kama kuna kona na jiwe kubwa katikati. Unasoma kwenye rula, unaandika. Tunanyanyua msingi wa nyumba nzima kwa huo mpira, mwamba wenu hautaushinda.

Kitu kimoja: msilaze nusu ya mpira juani na nusu kwenye dimbwi la baridi. Maji ya moto na ya baridi hayakai kimo kimoja sawasawa.

Mzee_wa_Bamvua:

Fundi, Mungu akubariki. Nimebeba vifaa vya watafiti miaka mingi, nimeona mashine za kila aina zikiliwa na chumvi, na mpira wa maji bado unafanya kazi.

Mwalimu, ongeza hili. Piga alama yako ya kudumu juu, pasipofikiwa na mawimbi makali: boliti isiyoshika kutu, au tundu dogo la kuchimba lililotiwa saruji. Vimo vyote vipime kutoka hapo kushuka. Sahau ukingo wa maji. Kisha siku yenye bahari shwari, dakika ileile ya kupwa inayotajwa na jedwali, pima uso wa maji uko chini ya boliti kwa kiasi gani, na hapo utakuwa umeifunga boliti yako na tarakimu za jedwali. Rudia siku tatu nne tofauti. Jedwali ni hesabu ya jua na mwezi, halijui hali ya hewa ya siku hiyo. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1, bahari inapanda karibu sentimita 1, na upepo wa kuelekea nchi kavu nao unasukuma maji juu. Kupwa kukipita kimo kilichotabiriwa kwa sentimita 15, usishtuke wala usilaumu jedwali.

Kijiko, swali lako si baya. Mwaka 1931 mwanafunzi mmoja, Willis Hewatt, alipima mstari kwenye mwamba wa pwani huko Pacific Grove, California, akahesabu kila alichokiona, mraba kwa mraba. Mstari aliuwekea boliti za shaba. Baada ya miaka 60 watafiti wengine walizitafuta boliti hizo, wakazipata, wakahesabu upya mwaka 1993 na 1994. Kati ya spishi 9 za asili ya kusini, kwenye maji ya joto zaidi, 8 zilikuwa zimeongezeka. Kati ya 8 za asili ya kaskazini, 5 zilikuwa zimepungua. Maji ya pale yalikuwa yamepata joto. Hewatt hakuwa akichunguza joto la dunia, wakati wake hakuna aliyemuuliza. Alihesabu tu, kwa uaminifu, na akaacha boliti. Asingeziacha, kusingekuwa na cha kulinganisha.

Kijiko:

Haya mzee, nimekaa chini.

Chumvi_Vidoleni:

Naingilia kidogo kuhusu vipele, kwa sababu mwalimu umewadharau.

Hao vipele (kwa Kiingereza barnacles) ni wanyama, na si jamaa wa konokono wala chaza. Ni jamaa wa kamba wa baharini na kaa. Mtoto wake huogelea huru, akichagua mwamba anajigundisha kwa kichwa, anajijengea ukuta wa vibamba, na maisha yake yote yaliyobaki analala chali akipiga maji kwa miguu ili apate chakula. Maji yakifika, inama karibu kabisa na kidimbwi, utaiona hiyo miguu kama kope zinazofumba na kufumbua. Mwanasayansi Charles Darwin aliwachunguza hao miaka 8, 1846 hadi 1854, kabla hajatoa kitabu kilichompa jina. Kwa hiyo wape heshima.

Kwa kuhesabu: usijaribu fremu nzima, utazimia. Chagua vyumba vitatu kati ya vile 25, vilevile kwa kila fremu, uvichague nyumbani kabla hujaona mwamba. Na tenganisha walio hai na makaburi. Aliye hai ana milango miwili midogo juu, imefungwa. Aliyekufa ni shimo tupu, mara nyingi konokono mdogo amehamia humo. Chaza na kome hivyohivyo, ganda tupu linalobaki mwambani si chaza.

Ukiwa na vipele vya aina mbili, vikubwa chini na vidogo juu, umebahatika, una jaribio maarufu mlangoni pako. Mtafiti Joseph Connell alichapisha mwaka 1961 kazi aliyoifanya Millport, Uskoti. Aliwaondoa wale wakubwa wa chini, na wale wadogo waliozoea kukaa juu wakaishi chini vizuri tu. Kumbe kilichokuwa kikiwazuia kushuka ni majirani: wakubwa wakikua wanawafunika, wanawabana ubavuni, wanawang'oa. Na kinachowazuia wakubwa kupanda ni ukavu. Huwa nawaambia wanaoanza kuwa mpaka wa juu unawekwa na jua, wa chini unawekwa na jirani. Si kweli kila mahali, lakini ukianza na hilo utajua pa kutazama.

Na lingine la aibu yangu, mcheke tu. Mara ya kwanza kualikwa kwenye kazi hii, mwenzangu alinisomea jedwali kwenye simu: "Kupwa ni tano arobaini." Nikafika saa tano na dakika arobaini asubuhi, nimevaa raba, nimebeba ndoo, nimebeba chai. Bahari imejaa mpaka kwenye majani ya nchi kavu. Jedwali lilikuwa limeandika 05:40, yaani saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Kati ya kupwa na kujaa ni saa sita na dakika chache. Kati ya saa ya tarakimu na saa yetu ya Kiswahili ni saa sita kamili. Ukichanganya hizo mbili hukosei kidogo, unafika wakati bahari imejaa pomoni. Tangu siku hiyo huwa naandika "alfajiri" au "jioni" kwa herufi kubwa.

MwalimuWaNyufa:

Chumvi, nimecheka mpaka machozi, halafu nikaenda kukagua jedwali letu.

Nimepata tatizo jipya. Nimewapa wanafunzi wawili fremu moja, kila mmoja kwa siri. Mmoja ameandika mwani asilimia 30, mwingine asilimia 55. Fremu ileile, dakika ileile! Nani wa kumwamini?

Mzee_wa_Bamvua:

Usimwamini yeyote. Asilimia ya kukadiria kwa jicho ni kama uzito wa mbuzi sokoni, kila mtu ana wake.

Hebu nikuulize, walikuwa wamesimama au wamepiga magoti? Anayetazama kwa mshazari anaona mwani mwingi kuliko uliopo, kwa sababu majani yaliyosimama yanaziba mwamba ulio nyuma yake. Anayetazama wima anaona mwamba katikati ya majani. Waambie wote wapige magoti, kichwa juu ya fremu, jicho moja.

Kisha acheni kukadiria. Nyuzi zenu nne kwa nne zinakutana mahali 16. Kwa kila makutano, shusha kidole au kijiti wima na useme kimegusa nini: mwani, kipele, mwamba mtupu, mchanga, maji. Makutano 16 ni machache, sogeza fremu yote sentimita 5 pembeni, chukua 16 mengine. Mkipata 12 kati ya 32 yamegusa mwani, ni asilimia 37.5, na hakuna mtu wa kubishana naye. Mwani ukiwa na tabaka, wa juu umefunika wa chini, hesabu wa juu kwanza, uinue, kisha wa chini. Jumla ikizidi asilimia 100 usiikate, ndivyo pwani ilivyo.

Vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, konokono, kaa, kiti cha pweza, hesabu idadi. Vinavyotambaa kama zulia, mwani na sifongo, hesabu makutano. Kiumbe akiwa ameukalia ukingo wa fremu, kubalianeni mapema: ukingo wa juu na wa kushoto anaingia, wa chini na wa kulia anabaki nje. Bila hivyo kila mwanafunzi atamwingiza yule mzuri na kumwacha yule asiyemjua. Fremu moja katika kila kumi irudiwe na mtu mwingine bila kuona karatasi ya kwanza. Hapo utajua tofauti ya watu ni kiasi gani, na tofauti ndogo kuliko hiyo usiipigie mstari mwekundu.

Na mwamba mtupu uandikwe. Sifuri iandikwe. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye karatasi baada ya miaka mitano hakuna atakayejua kama ilikuwa sifuri au ni mtu alichoka.

Kuhusu muda. Kwenye bamvua yako, kutoka mita 0.2 hadi tuseme 3.8, ni mita 3.6. Ukigawa kwa 12 ni sentimita 30. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji yanapanda sentimita 30 tu, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Ni kanuni ya mabaharia, ya kukadiria. Faida yake ni kuona hatari ilipo: saa ya kwanza bahari inakubembeleza, saa ya tatu inapanda sentimita moja na nusu kwa dakika, na kwenye mteremko wenu hiyo ni sentimita 15 za kuelekea kwenye viatu vyenu kila dakika. Kwa hiyo anzeni saa mbili kabla ya kupwa, kutoka juu, mkishuka na maji. Fremu za chini kabisa zifanyike kwenye dakika 20 za kupwa yenyewe. Mmoja asihesabu, kazi yake iwe kutazama bahari tu. Asiipe mgongo hata akiitwa.

Chumvi_Vidoleni:

Naongeza tu: jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa, upande uleule chini. Wanaoishi chini yake wakiachwa juani wanakufa kabla hujamaliza kuandika. Na kwenye maji ya joto, konokono mzuri mwenye ganda la umbo la koni lenye michoro, msimshike kabisa. Ana mwiba wa sumu, na baadhi ya aina zimewahi kuua mtu. Mkono usiingie kwenye ufa ambao jicho halijaingia.

Kuna na wale wa umbo la kofia ya msonge, waliojibandika kama plasta. Watafute walio kwenye mwamba laini, uone duara lililochongeka chini yao. Ni nyumba. Maji yakiwepo anatembea kula mwani, yakikupwa baadhi ya aina wanarudi mahali palepale, ganda limechongeka kufuata mwamba mpaka vinafungana bila hewa. Msiwabandue. Wawekeeni nukta ya rangi ya kucha kwenye ganda likiwa kavu, na nukta nyingine mwambani.

MwalimuWaNyufa:

Wakuu, mrejesho. Tumesubiri bamvua, wiki mbili kamili kutoka ile ya kwanza. Jedwali: mita 0.3, saa nne na dakika thelathini na tano ASUBUHI.

Boliti tumepiga. Mpira wa maji tumeutumia na fundi alikuwa sahihi kuhusu kidole gumba, tulipoteza dakika kumi tukishangaa kwa nini mwamba "unashuka" kuelekea nchi kavu. Mwanafunzi alikuwa ameziba. Tulipopima vizuri, makadirio yangu ya macho yalikuwa na kasoro: kutoka fundo la 1 hadi la 10 mwamba unapanda mita 1.64, mimi nilisema kama 1.8. Kwa hiyo ile hesabu yangu ya fundo kuingia kwenye fundo iliangukia vizuri kuliko nilivyostahili.

Safari hii tumepanga vimo vitano kutoka kwenye boliti, fremu sita kila kimo, namba za kwenda pembeni tulizitoa kwenye kopo nyumbani. Fremu moja iliangukia kwenye mwamba mtupu kabisa. Wanafunzi walitaka kuisogeza nusu mita, palikuwa na dimbwi zuri lenye kaa. Nikakataa. Tukaandika: mwamba 32 kati ya 32. Aliyeandika ni yule wa wino mwekundu, na alikuwa wa kwanza kuwaambia wenzake wasiisogeze.

Mwani wa kimo cha chini bado upo, makutano 29 kati ya 32 kwenye fremu nzito kuliko zote. Vipele tumevihesabu hai na makaburi. Mwanafunzi mmoja alilala kifudifudi pembeni ya dimbwi robo saa nzima kutazama miguu ya kope, akasahau zamu yake ya kutazama bahari. Nilimgombeza, kisha nikalala pembeni yake.

Wenye kofia tuliwatia nukta 12. Siku iliyofuata niliwahi peke yangu wakati maji yamekupwa tena: 9 walikuwa juu ya nukta zao, mmoja kageuka kidogo lakini yupo, wawili sijawaona. Nitawatafuta bamvua ijayo.

FundiTofali:

Mwalimu, hao wanaorudi kwenye shimo lilelile wamenikosesha usingizi. Naweza kuja siku moja kutazama? Sitaleta vurugu.

MwalimuWaNyufa:

Karibu sana fundi. Bamvua ijayo tunaanza saa mbili ASUBUHI, nitakutumia tarehe na mahali kwa ujumbe wa faragha. Vaa viatu vinavyofunga, na njoo na mpira wako, wetu umetobolewa na vipele.